Pesa Walikuwa Nazo, Kiti Hawakuwa Nacho: Kisa cha Vyuo Vikuu vya Uswisi na Mitandao ya Ulaya

Jumapili ya Februari 9, 2014, Waswisi walipiga kura ya maoni kuhusu wahamiaji. Hoja ililetwa na SVP, chama chenye viti vingi kuliko vyote bungeni, kikitaka nchi iweke tena kikomo cha idadi ya wageni wanaoingia kila mwaka. Ilipita kwa asilimia 50.3. Kati ya kura karibu milioni tatu, tofauti haikufika 20,000.

Siku ile hakuna aliyeulizwa kama anataka vyuo vikuu vya nchi yake vitolewe kwenye mitandao ya Ulaya. Lakini kabla Februari haijaisha, mazungumzo ya kuiingiza Uswisi katika mipango miwili mikubwa ya Umoja wa Ulaya yalikuwa yamesimama: Erasmus+, unaopeleka wanafunzi na walimu kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na Horizon 2020, mfuko wa utafiti wa yuro karibu bilioni 80 kwa miaka saba. Kwa vyuo kama ETH Zürich na EPFL ya Lausanne, vilivyozoea kukaa mstari wa mbele kwenye sayansi ya Ulaya, ilikuwa kama kuamka na kukuta kitasa cha mlango kimebadilishwa.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu ya swali moja ambalo sisi tunaoshughulika na ushirikiano wa vyuo hulijibu haraka mno: ni nini hasa kinachoushikilia mtandao wa vyuo vikuu? Wengi watasema pesa; zikikatwa, mtandao unakufa. Uswisi ni mahali pazuri pa kulipima jibu hilo, maana ni nchi tajiri ambayo haikupungukiwa fedha hata siku moja, na bado iliumia.

Kwanza tuelewe alipokuwa amesimama mgonjwa wetu, Uswisi, kabla hajaanguka. Ushirikiano wa vyuo vya Ulaya una ghorofa tatu, na watu huzichanganya. Ghorofa ya chini ni ya viwango vya pamoja: Azimio la Bologna, lililotiwa saini Juni 19, 1999 na nchi 29, Uswisi ikiwamo. Humo ndimo ulimotoka mpangilio wa shahada ya kwanza na ya uzamili unaofanana, pamoja na krediti za ECTS, ambapo mwaka mzima wa masomo huhesabiwa krediti 60 uwe Lisbon au Helsinki. Ghorofa ya kati ni ya vyama vya vyuo vyenyewe: Kundi la Coimbra lililoanzishwa mwaka 1985, LERU ya vyuo vya utafiti iliyoundwa 2002, na EUA, chama kikuu cha vyuo vikuu vya Ulaya, chenye ofisi Brussels na Geneva. Ghorofa ya juu ndiyo ya mipango ya Umoja wa Ulaya, yenye bajeti, fomu, tarehe za mwisho na masharti.

Kura ya 2014 haikugusa ghorofa mbili za chini. Digrii za Uswisi ziliendelea kutambuliwa, na Geneva na Zürich zilibaki LERU kama kawaida. Kilichofungwa ni ngazi ya kupandia juu. Ndiyo maana mtu aliyetazama kwa mbali angedhani hakuna lililoharibika.

Kwa nini hoja ya wahamiaji iligeuka msiba wa vyuo? Siku mbili tu baada ya Azimio la Bologna, Juni 21, 1999, Uswisi na Umoja wa Ulaya walitia saini mikataba saba kwa mkupuo. Mmojawapo ulikuwa wa uhuru wa watu kuhamia na kufanya kazi upande wowote, mwingine ulikuwa wa utafiti, na yote saba ilifungwa kwa kamba moja: ukiuvunja mmoja, mingine yote inaanguka. Uswisi ilikuwa imekataa kuingia Eneo la Kiuchumi la Ulaya kwa kura ya Desemba 1992, nako kura za hapana zilikuwa asilimia 50.3 ileile. Ile mikataba saba ndiyo ilikuwa njia yake ya kukaa karibu na nyumba bila kuingia ndani.

Kisha ikaja Kroatia. Ilijiunga na Umoja wa Ulaya Julai 1, 2013, na Uswisi ilitakiwa itie saini nyongeza ya kuwapa Wakroatia haki ileile ya kuhamia waliyokuwa nayo Wajerumani na Waitaliano. Baada ya kura ya Februari, serikali ya Bern ilisema haiwezi tena kuisaini, kwa kuwa katiba sasa ilikataza mikataba mipya ya namna hiyo. Brussels ikajibu kwamba basi na mazungumzo ya elimu na utafiti yasimame.

Binafsi naona Umoja wa Ulaya ulikuwa na hoja. Mwanafunzi anayetoka Zagreb kwenda Basel ni mtu anayehama, na huwezi kuomba kiti kwenye mpango wa kuhamisha vijana huku unamzuia kijana wa taifa moja. Lakini tazama adhabu ilimwangukia nani. Kantoni, yaani majimbo, za Zürich, Geneva, Vaud na Basel-Stadt, ambako vyuo vikubwa vingi vya nchi hiyo vimejengwa, zote zilipiga kura ya hapana. Wenye hasara hawakuwa ndio wenye kosa.

Sasa tuje kwenye tiba ya kwanza, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye somo la kiufundi.

Katika Erasmus ya kawaida, vyuo viwili husaini makubaliano ya kubadilishana. Mwanafunzi hulipa ada kwake tu, na kule anakokwenda halipi ada. Posho ya kuishi hutoka Brussels kupitia wakala wa nchi anakotoka. Mpango ulianza 1987 na nchi 11 na wanafunzi 3,244, na nguvu yake iko hapo: chuo cha Krakow hakihitaji kujadiliana na chuo cha Porto nani atamlipa nani. Kanuni moja imewatosha wote.

Uswisi iliwahi kuishi nje ya kanuni hiyo. Kwa miaka mingi ilishiriki Erasmus kwa mlango wa pembeni, ikijilipia, kisha ikapata ushiriki kamili kati ya 2011 na 2013. Kwa hiyo kufika Aprili 2014 serikali ilijua la kufanya. Ilianzisha mpango wake, SEMP, ukigharimiwa na hazina ya nchi. Tangu 2017 unasimamiwa na wakala unaoitwa Movetia, wenye makao katika mji wa Solothurn.

Jambo la kuangalia ni nani analipwa na SEMP. Mpango huu humlipa Mswisi anayetoka, na humlipa pia mgeni anayeingia Uswisi kutoka chuo shiriki cha Ulaya. Kwa nini? Kwa sababu chuo cha Ufaransa au Uhispania hakiwezi tena kutumia fedha za Erasmus kumpeleka kijana wake Lausanne, na Lausanne ni mji ghali. Asipopewa kitu hatakwenda. Asipokwenda, chuo chake kitahesabu mwisho wa mwaka kwamba kimepokea Waswisi sita na hakikupeleka hata mmoja, na makubaliano hayatadumu. Mgeni njoo mwenyeji apone: Waswisi waliamua kumlipia mgeni nauli ili mwenyeji apone.

Kwa upande wa wanafunzi, tiba ilifanya kazi. Idadi ya vijana wa Uswisi waliokwenda kusoma nje haikuporomoka, na baadaye ilipanda. Gharama iliyobaki ilikuwa kwenye meza za maofisa wa ushirikiano wa kimataifa, ambao walilazimika kuyaandika upya makubaliano moja baada ya jingine, chuo kwa chuo, mengi yao yakihusu nafasi mbili au tatu tu. Mtu ambaye hajawahi kufukuzia saini ya mkuu wa kitivo aliye likizo hatajua maana ya sentensi hiyo. Na baadhi ya washirika wa zamani hawakusaini tena. Kazi ya karatasi ilikuwa kubwa kuliko faida waliyoiona.

Kilichokosa tiba ni ile sehemu ya Erasmus+ isiyohusu safari za wanafunzi: miradi ya pamoja ya kutunga mitaala, kufundisha walimu na kuendeleza ufundi stadi. Humo chuo cha Uswisi kiliweza kukaribishwa kama mshirika wa kujitegemea kwa fedha, lakini hakikuweza kuwa mwenye mradi. Huo ndio mwanzo wa maradhi yenyewe.

Kwenye utafiti maradhi hayo yalionekana wazi zaidi. Mradi wa pamoja wa Horizon unaendeshwa na kundi la taasisi, na sharti la kawaida ni kwamba kundi liwe na angalau taasisi tatu za nchi tatu tofauti ambazo ni wanachama wa Umoja au zimejiunga rasmi na mpango. Chuo cha nchi isiyojiunga hakihesabiwi katika hao watatu. Kinaweza kukaa mezani, lakini kama mtu wa nne. Uswisi ilisema: sawa, watafiti wetu tutawalipa wenyewe kutoka Bern. Ikafanya hivyo, tena kwa uaminifu.

Lakini mratibu ni nani? Ni yule anayeliandika wazo kabla ya wengine kulisikia. Anachagua nani aitwe na nani aachwe. Anapanga kazi kubwa ikae maabara gani, na anaajiri vijana watakaojifunza kuendesha mradi wa nchi kumi. Mshirika anayekuja na fedha zake mfukoni anapendwa, anashukuriwa, kisha anapewa sehemu iliyobaki. Hiyo ndiyo hasara ambayo hazina ya Bern haikuweza kuifidia kwa faranga.

Upande wa pili ni ruzuku za Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC, anazopewa mtafiti mmoja kwa ubora wa wazo lake. Mwaka 2014 watafiti wa Uswisi walifungiwa nje ya mashindano hayo, na mfuko wa taifa wa sayansi ukaanzisha haraka ruzuku za kuziba pengo. Fedha zilifanana, utaratibu ulifanana. Tofauti ni kwamba sasa ulikuwa unashindana na majirani zako tu. Mwanasayansi anaiomba ERC kwa sababu amepambanishwa na Ulaya nzima na akashinda, na cheti cha namna hiyo hakichapishwi nyumbani.

Septemba 15, 2014 mlango ulifunguliwa nusu. Uswisi ilikubaliwa kwenye sehemu ya kwanza ya Horizon 2020, yenye ERC ndani yake, lakini hadi mwisho wa 2016 tu, na kwa sharti kwamba suala la Kroatia limalizwe. Wabunge walijikuna kichwa miaka miwili. Hatimaye walitunga sheria laini: badala ya kikomo cha wahamiaji, waajiri watangulize wanaotafuta kazi nchini. Desemba 16, 2016 sheria hiyo ilipitishwa na nyongeza ya Kroatia ikaidhinishwa siku hiyohiyo. Januari 1, 2017 Uswisi ilikuwa mwanachama mshiriki kamili wa Horizon 2020. Erasmus+ haikurudi. Kwa wanafunzi waliendelea na SEMP yao.

Wengi walidhani kisa kimeisha. Mei 26, 2021 Baraza la Shirikisho, yaani serikali ya Uswisi, lilijitoa kwenye mazungumzo ya mkataba mpana wa kusimamia uhusiano wake na Umoja wa Ulaya, baada ya miaka saba ya majadiliano. Sababu zilihusu mishahara, ustawi wa jamii na haki za wageni. Vyuo, kwa mara nyingine, havikuwa ndio mada. Mfuko mpya, Horizon Europe wa yuro bilioni 95.5, ulikuwa umeanza. Uswisi ikawekwa kundi la nchi za nje zisizojiunga.

Na hapa ndipo penye ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki. Miezi mitano kabla, Desemba 2020, bunge la Uswisi lilikuwa tayari limeidhinisha faranga bilioni 6.15 za kulipia ushiriki wa nchi katika Horizon Europe. Fedha zilikuwa zimepigiwa kura, zimetengwa, zinangoja. Hapakuwa na wa kuzipokea.

Safari hii jeraha lilikuwa baya zaidi. Mtafiti wa Zürich aliyeshinda ruzuku ya ERC iliyotangazwa wakati wa mpito aliambiwa achague: aihamishie ruzuku kwenye taasisi ya nchi iliyojiunga, yaani ahame, au aiache na apokee ruzuku mbadala ya nyumbani. Fikiria mtu mwenye maabara, wanafunzi wa uzamivu, watoto shuleni. Februari 2022 vyuo na taasisi za Uswisi na Uingereza, ambayo wakati ule nayo ilikuwa nje, zilianzisha kampeni ya Stick to Science kuomba ushirikiano wa sayansi utenganishwe na ugomvi wa kisiasa. Waliunga mkono hata wanasayansi wengi waliokuwa ndani ya Umoja. Ombi lilikuwa la haki, ila sidhani lingetimizwa kwa barua. Ghorofa ya juu imejengwa na serikali, na serikali ndizo zenye funguo.

Hapa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Kwa kanuni za Horizon, nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zinaweza kupokea fedha za Brussels zikiwa ndani ya mradi, bila kujiunga wala kulipia. Nchi tajiri isiyojiunga haina haki hiyo. Kwa hiyo katika miaka hiyo taasisi ya Morogoro au Kampala ingeweza kulipwa na Umoja wa Ulaya katika mradi ambamo ETH Zürich ililazimika kulipwa na serikali yake. Ni wachache katika vyuo vyetu wanaolijua hilo, na nadhani tunapoteza nafasi kwa kutolijua.

Haikuwa giza tupu. Mitandao iliyoota mizizi mahali pake haikutikisika. Mfano ninaoupenda ni Eucor, muungano wa vyuo vya bonde la Rhine ya juu, ulioanza 1989: Basel ya Uswisi, Freiburg na Karlsruhe za Ujerumani, Strasbourg na Mulhouse za Ufaransa. Mwanafunzi aliyesajiliwa chuo kimoja anaweza kuhudhuria masomo kwenye vingine bila ada ya ziada, na krediti zake zikahesabiwa. Treni inamfikisha. Katikati ya misukosuko yote, vyuo hivyo vitano viliamua kujisajili kama chombo kimoja cha kisheria cha kuvuka mipaka, na Basel, iliyo nje ya Umoja, ikaingia kama mwanachama sawa na wengine. Basel ina desturi hiyo ya kujijengea uhusiano wake yenyewe. Maabara aliyoianzisha mwanasayansi Rudolf Geigy kule Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilitoka mji huohuo, na haikungoja mpango wowote wa Brussels.

Vivyo hivyo ilipokuja miungano mipya ya Vyuo Vikuu vya Ulaya, wazo alilolitangaza Rais Emmanuel Macron pale Sorbonne Septemba 26, 2017. Miungano 17 ya kwanza ilichaguliwa 2019, na kufika 2024 ilikuwa 65, yenye taasisi zaidi ya 570. Waswisi walikaribishwa na marafiki zao: Geneva katika 4EU+, Zürich katika Una Europa, Bern katika ENLIGHT. Urafiki wa ghorofa ya kati uliwafungulia dirisha la ghorofa ya juu. Fedha za Umoja wa Ulaya hawakupata, walijilipia tena.

Uingereza nayo ilipotoka Erasmus+ mwisho wa 2020 ilianzisha mpango wake, Turing, kwa pauni milioni 110 mwaka wa kwanza. Turing huwalipa wanaotoka tu. Anayeingia hapewi kitu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa ambalo Uswisi ilikuwa imeshaonyesha miaka saba nyuma namna ya kuliepuka, na Wales ililiona: mpango wake, Taith, unalipa pande zote mbili. Desemba 2025 serikali ya London ilitangaza kwamba itarudi Erasmus+ mwaka 2027.

Waswisi nao wanarudi. Mazungumzo yalianza upya Machi 2024, na ishara ya kwanza ya nia njema ilikuwa kuwaruhusu watafiti wao kuomba tena ruzuku za ERC kabla mkataba haujaiva. Novemba 10, 2025 mkataba wa mipango ya Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Bern. Kwa Horizon Europe ulihesabiwa kuanzia Januari 1, 2025, ambayo ina maana kwamba chuo cha Uswisi kinaweza tena kuwa mratibu, kikaandika wazo na kuwaita wengine. Kwa Erasmus+ mlango umepangwa kufunguka 2027.

Ukimuuliza daktari wa mgonjwa huyu nini kilimuumiza, jalada linaonyesha kwamba wanafunzi walisafiri na watafiti walilipwa. Kilichokosekana ni vitu ambavyo haviandikwi kwenye bajeti: haki ya kuhesabiwa kati ya watatu wa kwanza, haki ya kushindana na wote, na ule wepesi wa kanuni moja inayowatosha watu wasiofahamiana. Uaminifu wa namna hiyo hujengwa kwa kurudiarudia, mwaka hadi mwaka, na kila ulipokatika hapa ilibidi uanze karibu na mwanzo.

Mtoto aliyekuwa na miaka saba Jumapili ile ya Februari 2014 atakuwa na ishirini mwaka 2027. Akiwa anasoma Lausanne au Zürich, huenda akawa katika kundi la kwanza litakalokwenda Vienna au Lyon na karatasi za Erasmus kama za wenzake. Dada na kaka zake waliomtangulia wameingia chuo, wamehitimu na wameanza kazi bila kuzishika.